Kofia ya Saluni na Plagi

Tuktuk ilianza kukohoa tulipoingia kwenye maji ya mvua yaliyofurika Mishomoroni. Dereva akageuka kumtazama dada niliyekaa naye, aliyefunika nywele mpya kwa kofia ya nailoni ya saluni. "Siste, niazime hiyo kofia nifunike plagi ya injini. Ikilowa, moto unapotea, tunakwama hapa."

"Wee! Wakwe zangu wananingoja Frere Town, leo ndiyo mara ya kwanza wanione!"

"Sasa watakuona vipi usipofika?"

"Afadhali nisifike kuliko nifike kama kuku wa mvua. Na wewe dereva gani, masika yote haya huna hata kipande cha mpira?"

"Nilikuwa nacho, kikaenda na maji ya jana."

Nikashauri, bila kuombwa, dereva avue shati afunikie plagi. Wote wawili wakanisonya. Ndilo jambo pekee walilokubaliana.

"Basi iombee injini," dereva akasema.

"Naiombea tangu Mtopanga!"

Injini ikapiga chafya moja, ikazima. Maji yakatufika vifundoni. Dereva akanyoosha mkono nyuma. Dada akaishika kofia yake kwa mikono miwili.