Bilauri ya Kipande Kimoja

Sogeeni, wanangu, na aliyeshika simu aiweke chini, maana sauti niliyobaki nayo ni ya kusemea mara moja tu, na tangu asubuhi nina kinyaa kooni ambacho sitaki kuzikwa nacho.

Mama yenu kaniletea dawa kwenye bilauri ya mti, moja ya zile mnazouza pale dukani. Nikaishika shingo ninywe, tumbo lake likachomoka, likaniangukia kifuani na dawa yote, nikabaki na kijiti mkononi. Nikakinusa. Gundi na vumbi la mbao lililopakwa vanishi, uchafu mtupu, na kwenye kitako mmechora jina langu. Kifungua mimba, usiangalie dirishani, nakusema wewe. Nilikufundisha kwa mikono hii: gogo likiwa bado nene kwenye mashine ya kukereza, chimba tumbo kwanza, ulimalize, ulipige msasa, ndipo ushuke kwenye shingo, na ukishaikondesha shingo usirudi tena juu hata kwa kupapasa. Wewe unaanza na shingo kwa sababu wateja wanasimama mlangoni kuitazama ikikonda, kisha patasi ikigusa tumbo, kitu kimevunjika, na uvivu wako unakwambia uunge kwa gundi. Mdogo wako naye anaipaka rangi na kuwaapia watu kwamba ni kipande kimoja. Mnanitia kichefuchefu, nyote wawili.

Hapana, binti yangu, usiniambie nipumzike, mapumziko yanakuja yenyewe. Kinyaa hiki hakikuanzia kwa kaka zako.

Mnaijua ile bilauri ya kwenye kabati la kioo, yenye shingo nyembamba kama penseli, mnayowaonyesha wateja mkisema ni kazi ya mzee enzi za ujana. Si kazi yangu. Ni ya baba yenu mdogo, yule niliyewaambia kwamba ni mwongo na ndiyo maana hakanyagi hapa. Karakana hii ilikuwa ya fundi aliyetulea sisi wawili, hakuwa na mtoto, na alipochoka alisema mashine atamwachia atakayemkerezea bilauri ya kipande kimoja isiyo na kiungo. Yangu ilivunjika shingoni siku ya mwisho, kwa pupa yangu, nikatoboa, nikapachika kijiti, nikaziba kwa gundi. Kesho yake zilikuwa mbili mezani, mbele ya watu, hazina alama. Fundi akanusa moja, akakunja uso, akauliza hii ya nani, nami nikawahi kumnyooshea kidole mdogo wangu. Yeye alinitazama tu, akasubiri niseme nimekosea. Niliponyamaza akafunga patasi zake kwenye aproni, akaondoka. Ile ya gundi ilitupwa motoni, ile yake ikawekwa kabatini kwa jina langu, na mashine ikawa yangu. Miaka arobaini nimesifiwa kwa mkono wa mwenzangu, na kila mlipolifuta vumbi kabati lile nilitoka uani nikatema mate. Nyinyi mmerithi hila yangu ya gundi bila kujua, basi msidhani ninawacheka.

Kwa hiyo mashine si yenu. Nyumba gawaneni sawasawa, na mama yenu asihamishwe chumba chake. Mbao kavu za darini ni za binti yangu, maana yeye akivunja kitu huleta vipande na kusema nimevunja. Bilauri za gundi zote, hata zilizokwisha agizwa, chomeni. Msinune, sina muda wa kuwabembeleza.

Mashine ifungueni, mpelekeeni baba yenu mdogo, pamoja na bilauri yake. Msimtume dereva. Nendeni wenyewe, na wewe kifungua mimba ndiye useme, mbele ya mkewe na wanawe, kwa sababu mimi nilimsingizia mbele ya watu. Mwambie ile ya gundi ilikuwa yangu. Usiniombee msamaha, sina uso huo. Sema hivyo tu, unyamaze, akikutukana unyamaze.

Niinueni kichwa kidogo. Hivyo. Nipeni mikono... yote, hata yenu wawili, leteni. Akikataa kuipokea mashine... ishusheni mlangoni kwake, mrudi mikono mitupu. Mikono hiyo mitupu, wanangu... ndiyo ninayoibariki.