Pete na Pasipoti

Mambo ya Anne-Marie yaliharibika Jumanne, tarehe nane Machi 2005, siku ilipopotea pete ya bibi mmoja katika nyumba ya wazee alikofanya kazi, naye akashtakiwa kuiiba. Miezi saba baadaye, ndani ya basi la kwenda Wembley, akitoka mahakamani, alikuwa akicheka kama mtu aliyetoka kung'olewa jino lililomtesa.

"Wale raia kumi na wawili wanaoamua kesi wamesema sina kosa!" alimwambia Elinaja, mwenzake wa kazini. "Mwendesha mashtaka alitaka waambiwe kwamba niliingia nchi hii na pasipoti ya mtu, nikafungwa. Jaji akakataa. Akasema pasipoti si pete."

"Ana akili huyo, dada."

Kwenye kiti cha nyuma yao, Mzee Laurean, aliyekuwa akiwasikiliza, akaguna. Tangu afiwe na mkewe aliwalaumu wakubwa kwa kila kitu, hata mvua, na hakupenda kusikia mmoja wao akisifiwa. Ila leo alishusha pumzi, maana yeye mwenyewe aliingia nchi hii kwa jina la binamu yake.

"Mungu ni mukubwa," alisema Anne-Marie. "Leo nitalala."

"Lakini wangeambiwa, wangekuachia?" Elinaja akauliza.

"Mimi sikuiba pete!"

"Najua. Nauliza wao."

Basi likasimama, milango ikafunguka, na wale wawili wakashuka wakiwa bado wanabishana. Kilikuwa kituo cha Laurean pia, lakini alibaki ameketi. Na yeye je, angekuwa mmoja wa wale kumi na wawili, akaambiwa habari ya pasipoti, angemwachia?