Waridi la Mzee Lusweti wa Mbotela

Baba yetu mpendwa, Mzee Zedekiah Lusweti, alizaliwa tarehe 9 Juni 1951 huku Kimilili, kitinda mimba wa Mzee Wakoli na Mama Ayuma. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la saba. Mwaka wa 1970 aliingia Nairobi, akaajiriwa kwenye reli kama fundi wa mabehewa, kazi aliyoifanya kwa bidii hadi alipostaafu mwaka wa 2006.

Mwaka wa 1975 alimpelekea mama yetu, Elsie Nangila, waridi la dukani. Mama akalinusa. "Zedekiah, hili halina harufu. Umeniletea karatasi?" Walifunga ndoa Agosti mwaka uliofuata, lakini maneno yale hayakumtoka Baba.

Ndipo mlangoni petu pale mtaani Mbotela, Nairobi, pakajaa mikebe ya waridi. Baba alichukua chavua ya waridi la kisasa, linalochanua mwaka mzima, akaipaka kwa brashi kwenye waridi la zamani la kanisani, lenye petali tele na harufu nzito. Miche ya mbegu zake ilipochanua, hakimu alikuwa Mama. Akisema, "Zuri, lakini halinukii," Baba aling'oa. Jameni, aling'oa hadi akaota mvi! Vijana wa mtaa walimwita Buda Maua, yaani mzee wa maua, naye aliitika.

Mwaka jana alipatikana na saratani ya koo, na matibabu yakamwondolea uwezo wa kunusa. Februari hii mche mmoja ukafungua ua la pinki, limejazana petali kama kabichi. Sisi watoto tulimpelekea mkebe kitandani, tukamwambia linanukia. Akakataa. "Nyinyi mnanihurumia tu. Niitieni Elsie."

Mama alikuja na unga mikononi. Akanusa, akanusa tena. Kisha akaketi kitandani kando ya Baba, akalia. "Baba Triza, hili linaingia mpaka kifuani. Umelipata." Baba alicheka hadi akakohoa. Naam, alilipata, na sisi tunajivunia bila kuficha!

Alituaga tarehe 24 Februari, akiwa nyumbani. Ameacha mjane, Elsie. Watoto Triza, Shiundu na Jacklyne. Na wajukuu wengi.

Majirani mliosafiri nasi mmeuliza mbona jeneza la mtu wa maua halina hata ua moja. Ua la pili lilifunguka juzi, tukaenda na makasi. Mama akasimama mbele ya mkebe. "Kimche chenyewe kina tawi moja. Mkilikata, mtakuwa mmemzika mara mbili."

Basi tumemleta Baba huku Kimilili, waridi tumeliacha Mbotela, limechanua. Apumzike kwa amani.