Koti Lililopimwa Kwenye Runinga

Risala ya mafundi cherehani wa nyuma ya Hazina kwa Gavana Mteule wa Benki Kuu, ikisomwa na katibu wa kikundi, mshonaji wa oveloki

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Gavana Mteule wa Benki Kuu. Mama Vifungo, mshona vifungo wetu na mzazi wa mgeni rasmi, ambaye leo tumemkataza kabisa kushika sindano. Jirani yetu kinyozi, uliyetuazima viti. Ndugu mafundi, na wateja mliokuja kuchukua nguo zenu mkakuta sherehe:

KARIBU NYUMBANI

Mgeni rasmi, sisi mafundi wa karakana hii tuna furaha ambayo hata tukiikunja haiingii mfukoni. Tumepiga deki tangu alfajiri. Vipande vya vitambaa tumevisukumia chini ya meza ya kukatia, na tunakuomba usiiname kuangalia huko. Cherehani zote zimenyamaza kwa heshima yako, isipokuwa ile ya kona, ambayo imenyamaza tangu wiki iliyopita kwa sababu zake yenyewe.

Utakuwa umemwona mkuu wetu, Fundi Sentimita, pale karibu na mlango. Amevaa suti yake ya kuendea harusi za watu na viatu vimeng'aa. Lakini futi bado inaning'inia shingoni na chaki iko sikioni. Tumembembeleza aviweke kando, tukamweleza kwamba leo ni sherehe, si kazi. Amekataa katakata bila kutoa sababu, kwa hiyo picha zote za ukumbusho zitatoka na chaki.

HISTORIA YETU

Karakana hii iko mgongoni mwa Hazina, tumetenganishwa na ukuta mmoja na pipa la taka. Kwa sababu hiyo, watu wanaofikiria uchumi wa nchi wamekuwa wateja wetu tangu enzi za cherehani za kukanyaga. Hatujasomea uchumi, lakini wachumi tunawajua kwa vipimo. Mtu akikaribia kupandishwa cheo tunajua kabla ya magazeti, maana anaagiza suti mbili nyeusi kwa mpigo na anaanza kutuita "vijana wangu". Akikaribia kuondolewa, analeta suruali zipunguzwe kiuno, kwa kuwa hamu ya kula imemtoka. Tulikuwa na kamishna mmoja wa bajeti, tukimwita Makadirio, ambaye kila mwaka kabla ya hotuba ya bajeti aliagiza suruali ya kiuno alichotarajia kuwa nacho. Hakukifikia hata mwaka mmoja. Siku hizi amestaafu, anafuga kuku na kuwakimbiza mwenyewe, na tunasikia suruali zile zote zinamkaa.

Kanuni ya karakana hii ni moja, na aliyeiweka ni Fundi Sentimita. Mteja akijaribishwa nguo haruhusiwi kusema "limenibana" au "halijanipendeza" akaishia hapo. Fundi humkata kauli na kumwuliza: "Wapi? Kwa kiasi gani?" Sharti mteja aweke kidole mahali penyewe, kisha aonyeshe kwa vidole ni kiasi gani. Makatibu wakuu wamesimama mbele ya kioo kile wakitafuta pa kuweka kidole. Hata mke wa Fundi mwenyewe, siku aliyolalamika kwamba mume amezidi kuchelewa kurudi, aliulizwa wapi na kwa kiasi gani. Fundi alilala bila chakula siku ile, lakini kanuni hakuibadilisha.

NJIA ULIYOPITA

Mgeni rasmi, gazeti limeandika historia yako ukurasa mzima, wakasahau yaliyo ya maana. Wameandika kwamba uliajiriwa katika ofisi ya makadirio ukiwa msichana mdogo. Hawakuandika kwamba koti la usaili lilitokana na mabaki ya suti ya mkurugenzi aliyekusaili, na kwamba mama yako alishona vifungo akiomba Mungu mkurugenzi asitambue kitambaa chake. Alikitambua. Alikuja hapa mwenyewe kutwambia kwamba umepata kazi, na kwamba kile kitambaa kilikupendeza kuliko yeye.

Wameandika pia kwamba "aliondoka Hazina kwa muda". Sisi tuliokuwepo tunajua namna ulivyoondoka. Ulikuwa umeshakuwa mchumi mkuu. Waziri wa wakati ule alitaka mfumuko wa bei usomeke mdogo kwenye hotuba, na wewe ukasema namba haipunguzwi kwa kuombwa. Wiki haikuisha, ukafukuzwa. Uliingia kwa mlango ule na boksi la vitu vya ofisini, ukakaa kwenye kigoda cha mama yako. Wengi wetu tulijifanya tuna shughuli. Fundi Sentimita alikusogelea, na badala ya kukupa pole akakuuliza kwa upole: "Wapi, mwanangu? Kwa kiasi gani?"

Ulilia kwanza, kisha ukamwambia: kodi ya nyumba, ada ya mdogo wako, na aibu ya kupita mbele ya lile jengo. Ulipoyataja moja moja yakawa mambo matatu tu. Fundi akakupa pasi, ukapiga pasi mashati ya wale wale waliokufukuza, na ukayapiga vizuri mno, jambo ambalo mpaka leo baadhi yetu hatujakusamehe.

Baadaye ukafundisha chuo kikuu, ukaenda ng'ambo, ukaandika vitabu ambavyo tunavyo na ambavyo hatujavimaliza. Bei zilipokuja kushindikana nchini, wakakuita tena uwe mshauri. Tulikaa kwa kinyozi tukakusikiliza ukizungumza na waandishi wa habari siku ya kwanza. Hukusema hali ni mbaya, wala hukusema hali ni nzuri. Ulisema bei imebana kwenye unga na nauli, ukasema kwa kiasi gani, ukasema kitakachofumuliwa na kitakachoshonwa upya. Fundi Sentimita aliinuka akatoka nje. Alipoulizwa, akadai ni sabuni ya kinyozi iliyomwingia machoni, na kinyozi hakuwa akimnyoa mtu.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu ni mengi, ila la mwaka huu ni moja, nalo limo kwenye ule mfuko mweusi uliotundikwa nyuma yako. Siku ulipotangazwa kuwa gavana, Fundi Sentimita alisema huwezi kuapishwa Jumatatu ukiwa na koti la dukani, na kwamba atakushonea la ghafla bila wewe kujua. Vipimo vyako tulivyokuwa navyo ni vya siku za usaili. Kumtuma mtu akupime kungevujisha siri. Basi alikwenda kwa kinyozi, akangoja taarifa ya habari, na ulipotokea umesimama kando ya meza ya kuhutubia akaibandika futi yake kwenye kioo cha runinga. Wateja walibaki na vichwa nusu vimenyolewa. Kisha akampigia simu seremala aliyeitengeneza ile meza, akauliza kimo chake halisi toka sakafuni, akapiga hesabu, akarudi na vipimo vyako vyote kuanzia bega hadi kiwiko.

Ndugu zetu wawili watatu hapa walicheka. Mmoja alithubutu kusema kwamba macho ya mzee siku hizi huikosa tundu ya sindano, seuze kumpima mtu kwenye runinga. Kweli sindano humsumbua siku hizi, na alikuwa akitumaini hatujaona. Lile neno lilimuuma. Aliushika mkasi wake, ule ambao hakuna anayeruhusiwa kuugusa, akasema: "Koti hili lisipomkaa, mkasi huu mtautundika ukutani, nami nitakwenda kufuga kuku na Makadirio." Tangu hapo hakuna aliyecheka tena.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni umeme, ambao hukatika pasi ikishapata moto. Ya pili ni nguo za dukani, ambazo zinamfanya kila mtu aonekane amevaa ya nduguye. Ya tatu ni viti, kama unavyojionea kwa kukalia cha kinyozi, ambacho tunakuomba usikizungushe.

Kabla ya maombi, tungemwomba Fundi Sentimita atusaidie kwenda kwa kinyozi kuleta kreti ya soda. Apitie mlango wa nyuma, ni karibu zaidi. Asante, Fundi.

MAOMBI

Mgeni rasmi, ametoka. Sehemu hii tunaisoma haraka.

Ombi letu ni moja. Vitundu vya vifungo vilipokwisha kukatwa, ndipo kinyozi alipokuja kutunong'oneza kwamba runinga yake aliitegesha kutanua picha ili uwanja wa mpira ujaze kioo. Kumbe kwenye runinga hiyo kila mtu ni mnene. Urefu haubadiliki, kwa hiyo mikono ya koti na kimo chake tunavitegemea. Lakini kiunoni na mgongoni, mgeni rasmi, mle mnaweza kukaa wewe na msaidizi wako. Tulimwapisha kinyozi asimwambie Fundi, maana tuliogopa mkasi usije ukatundikwa siku hiyo hiyo.

Basi tulikubaliana tukuombe hivi: ukilivaa, sema limekaa. Neno moja tu. Ukifika nyumbani, mama yako atalipunguza taratibu, na Jumatatu hakuna atakayejua.

Hatukufichi kwamba hatukukubaliana wote. Mama Vifungo alitusikiliza mpaka mwisho, akaweka sindano chini, akasema: "Mwanangu alifukuzwa kazi kwa kukataa kupunguza namba. Leo nyinyi mnataka apunguze kiuno?" Alikuwa na haki. Ila sisi nasi tuna sababu yetu, na tunaisema wazi. Hakuna aliyemo humu ambaye hakufundishwa na Fundi Sentimita kushika mkasi. Ametusitiri baadhi yetu tukiwa hatuna pa kulala. Tumejaribu kuiwaza karakana hii bila sauti yake ikiuliza wapi na kwa kiasi gani, na tumeona ni chumba chenye mashine tu. Tunampenda, mgeni rasmi. Tungemwambia wenyewe, lakini angetuuliza kwa kiasi gani.

Kwa hiyo tunarudia kwa unyenyekevu: likikupwaya, vumilia, uvute...

Samahani, mgeni rasmi. Hili halimo kwenye karatasi. Naona mlango wa nyuma haukufungwa, na Fundi Sentimita amesimama pale. Soda hana.

Anasema niendelee kusoma. Namwambia sina la kuendelea nalo. Wenzangu wameinamisha vichwa kama wanaotafuta pini sakafuni.

Anasema hakufika kwa kinyozi, kwa sababu tangu lini wageni wakaletewa soda na fundi mkuu. Anasema habari ya runinga aliisikia siku ile ile kutoka kwa kinyozi mwenyewe, na anashangaa kuona watu wazima wanampa kinyozi siri aitunze. Naona kinyozi anakagua dari.

Ninamwuliza, kwa niaba ya wote, kwa nini basi hakulipunguza koti. Anajibu kwamba angekuwa anakisia kwa mara ya pili, na kwamba tayari kukisia kulishamtia aibu ya kutosha. Ameamua kumngoja mwenye mwili.

Nimemwuliza na habari ya mkasi. Mgeni rasmi, jibu lake nalitamka kama alivyolitamka: "Nilisema lisipomkaa. Nani kawaambia koti hukaa siku ya kwanza?"

Basi ndiyo sababu ya ile chaki. Tangu asubuhi tumemsumbua aiondoe, kumbe mtu aliyekuja kuutundika mkasi asingekuja na chaki sikioni. Tuwie radhi, mgeni rasmi, na wewe Fundi utuwie radhi. Ombi letu tumelifuta mbele ya mashahidi.

DUA NA HITIMISHO

Tulikuwa tumeandaa dua ndefu, lakini naona mgeni rasmi ameshasimama na koti liko mwilini, na Mama Vifungo ameshaiokota sindano tuliyomkataza. Tutaifupisha. Mungu akuongoze kwenye kiti kile kigumu. Akupe wasaidizi watakaokwambia panapobana, akupe na moyo wa kuwasikiliza. Siku watakapokuondoa, maana wachumi huondolewa, tunawajua, kigoda chako kipo na pasi ipo.

Sasa naomba tunyamaze. Fundi Sentimita amekwenda mbele ya mgeni rasmi na pini mdomoni, anamtazama machoni, na ameshamwuliza. Mgeni rasmi hakusema limekaa. Ameweka kidole kiunoni, na mkono wa pili anaonyesha vidole vitatu.

Ni sisi watiifu,
Mafundi Cherehani wa Nyuma ya Hazina, pamoja na mkuu wetu, ambaye ameanza kuchora.