Casimir Mutambo, Dereva Aliyeshuka Mboko

Ndugu zangu, tunayemlaza leo ni kaka yangu Casimir Mutambo, aliyezaliwa Lubondja tarehe 14 Machi 1921, kifungua mimba wa mzee Raphaël na mama Constance.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Baba alipofariki aliacha shule, akaanza kuosha magari Baraka. Mwaka 1944 gereji moja ilimpa usukani, akawa anabeba mihogo ya Mboko na abiria wa Lulimba.

Mwaka 1947 alimwoa Georgette, binti wa Mama Pulchérie wa Mboko. Marehemu alimheshimu mno mama mkwe huyo, na heshima hiyo ndiyo iliyotuponza. Tangu 1950 gereji hiyo, ambako nami nilikuwa fundi, iliingia mashindano ya magari, Uvira hadi Baraka, na kwa miaka minane hatukushinda hata mara moja. Tukifika Mboko tunaongoza, Mama Pulchérie yuko kando ya barabara. Marehemu alizima gari, akashuka, akavua kofia na kugeukia vichaka mpaka mama apite, kama mila inavyomtaka mkwe. Naye mama hakuwa na haraka.

"Bengine banatuachia vumbi," aliwaambia majirani. "Mukwe wangu anashukaka."

Nani angethubutu kumwambia mama huyo abaki nyumbani? Baraka nzima ilitucheka, na marehemu alicheka nao.

Tarehe 2 Agosti 1958, tukiwa Uvira, nililetewa habari kwamba Mama Pulchérie amefariki. Mashindano yalikuwa kesho yake. Nilinyamaza. Mimi ndiye fundi niliyeketi kando ya marehemu. Mboko tulikuta uwanja wa mama umejaa watu.

"Bale bantu banakusanyika juu ya nini?" marehemu aliniuliza.

"Banakuya kutuona. Kanyaga!"

Akawapungia mkono, akakanyaga. Georgette alikuwa kati yao.

Tulishinda kwa dakika sita. Waliombeba mabegani walipomshusha, nilimwambia ukweli. Hakunipiga. Alirudi Mboko kwa miguu, na wakwe wakamkatalia hata kutupa udongo kaburini.

Hakuendesha tena. Oktoba alianza kukohoa damu, akakataa dawa. Alifariki nyumbani kwake Baraka, Jumapili tarehe 22 Februari 1959, saa tatu asubuhi.

Nilitaka kuwaeleza wakwe zake mapema, akanizuia. "Batakufukuza, mudogo wangu. Nyamaza." Leo hawezi kunizuia. Georgette, mume wako hakujua. Ni mimi niliyemficha.

Ameacha mjane Georgette, watoto wanne, mama yetu Constance, na mimi Eugène, mdogo wake. Mungu ampe pumziko nililomnyima.