Mafuta Kama Kawaida

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao lililoegemezwa kwenye ukuta wa gereji, mguu wake mmoja ni tofali. Wenye benchi ni watatu. Kuna Kinyozi, anayenyoa kidogo na kusema sana. Kuna Waziri, ambaye hajawahi kuongoza hata foleni ya maji. Na kuna Daktari, fundi mwenye gereji, aliyejibatiza jina hilo kwa kuwa eti hakuna injini iliyowahi kufia mikononi mwake. Asubuhi hiyo pikapu ya mama mkwe wake ilikuwa mbele yao, boneti wazi, imevutwa kwa kamba kutoka sokoni jana yake. Wiki mbili nyuma Daktari aliing'oa injini yake kuukuu ya petroli, akaipachika ya dizeli, mtaa mzima ukitazama, naye akatembea kifua mbele. Sasa kahawa yake ilikuwa inapoa kikombeni.

— Mimi nilisema toka mwanzo, Kinyozi akaanza. Hiyo ni damu. Huwezi kumtia mtu damu isiyo yake. Bodi imeikataa injini.

— Bodi ina damu, wewe? akauliza Waziri.

— Kwani ile inayovuja pale chini ni uji?

— Acha utoto. Tuulize ukoo kwanza. Daktari, injini uliitoa gari gani?

— Gari la kubebea maiti, Daktari akajibu bila kuinua macho.

— Haya sasa! Waziri akajipiga paja. Injini imezoea kwenda polepole, abiria katulia, haulizi tunafika saa ngapi. Leo unaitwisha kabichi na mama anayeimba njia nzima? Imekufa kwa mshtuko! Ndiyo maana wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

— Lakini hii haitembei.

— Basi ni njema. Tulia, itajiuza.

Wakacheka. Daktari naye akacheka, ila alichelewa, na kicheko chake kikabaki peke yake hewani.

Yeye alijua. Jana alifungua chujio la mafuta, akanusa: petroli tupu. Hapo hapo akayakumbuka maneno yake mwenyewe siku ya kukabidhi funguo, watu wamejaa, yeye anatafuta sifa: "Mama, hakuna kilichobadilika. Wewe tia mafuta kama kawaida." Kichwani mwake kawaida ya dizeli ni dizeli. Kwa mama, kawaida ya miaka kumi na tisa ilikuwa petroli. Basi akatia petroli, pampu ya injini ikakosa ulaini wa dizeli, ikakauka, ikajisaga yenyewe. Na walipomuuliza kulikoni, fundi mzima akasikia mdomo wake ukisema, "Mama hajui kuendesha dizeli, kaikaba kwa mguu mzito." Aibu ilimkaa kifuani tangu saa ile, na alikuwa hajapata pa kuitua.

— Mwisho wa yote, akasema Kinyozi, ni kama alivyotuambia Daktari. Mama ana mguu mzito. Pale kwangu kila anayekaa kitini anasema hivyo.

— Kila anayekaa? Daktari akashtuka.

— Mtaa mzima, ndugu yangu! Lisemwalo lipo.

Kabla hajajibu, mama mkwe mwenyewe akatokea kwa miguu, vumbi hadi magotini. Akasimama hatua kadhaa kutoka kwenye benchi, kama anavyofanya siku zote kwa heshima ya mkwe. Wote watatu wakainuka.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Sikai, nimeacha kabichi juani. Nimekuja kumwomba radhi mkwe wangu. Nasikia nimemuulia injini.

— Ajali haina kinga, mama, Waziri akawahi.

— Nilitia mafuta kama kawaida, baba, kama ulivyoniagiza. Pampu ile ile ya kituoni ninayotia siku zote. Na mguu niliuweka kama nakanyaga yai. Usiku sikulala, nawaza. Hebu niambie nisije nikarudia: nilikosea wapi?

Kinyozi akamtazama Waziri. Waziri, mwenye jibu la kila kitu chini ya jua, akaitazama injini ya dizeli. Pampu ile ile. Polepole wakageuka wote wawili kumtazama Daktari.

— Hukukosea, mama. Sauti ya Daktari ilitoka ndogo. Mimi sikukwambia dizeli. Nimejua tangu jana, nikakusingizia wewe.

Akangoja wacheke, maana kijiwe kile hucheka hata msibani. Hakucheka mtu.

Mama akaufunga mtandio wake vizuri.

— Haya, baba, akasema kwa adabu ile ile. Ahsante kwa kuniambia.

Akageuka, akarudi sokoni kwa miguu. Daktari alitamani afadhali mama angemtukana.