Kahawa Yenye Jina la Mama Belyse

Kijiwe chetu kiko hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, pale barabara ya Base Camp inapokata kwenda sokoni: ubao mmoja mrefu juu ya rimu mbili za lori, sigiri ya Mama Belyse upande mmoja, na upande wa pili pampu yangu ya baiskeli, iliyonipa jina la Pompi mpaka padri naye ananiita hivyo. Mama Belyse, kwa ubatizo Godeberthe, anatuuzia kikombe kwa shilingi mia tano. Ndani yake mna tangawizi, sukari, na unga kidogo wa sokoni wa kubadilisha rangi ya maji. Tunaita kahawa kwa kumheshimu. Asubuhi ile tulikuwa wanne. Alikuwepo Onesphore, tunayemwita Direkteri kwa sababu zamani alilinda geti la kituo cha kuoshea kahawa kule Ngozi, Burundi. Alikuwepo Audace, au Kalkilatrisi, kijana asiyeweza kusikia namba bila kuizidisha. Na mzee Venuste, aliyelima kahawa Kayanza mpaka vita vikamtoa. Huyo ni Misa ya Kwanza, maana haikosi, na akitoka huko anakaa kusinzia nasi hadi jua lipande. Katikati ya ubao, juu ya leso safi, ilikaa pakiti.

Pakiti yenyewe ilikuwa ya robo kilo, imefungwa vizuri, na juu yake wamebandika karatasi: KAHAWA MAMA BELYSE. Kule Mbarara, mtaa wa Nyamityobora, kuna watu wanakaanga kahawa, wanasaga, wanafunga, halafu wanabandika jina lako wewe. Walikuwa wamempa hiyo moja bure, ya mfano. Akitaka zaidi, achukue zisizopungua mia moja, alipe kwanza, na siku ya mwisho ilikuwa siku hiyo hiyo, la sivyo mzigo anapewa mwingine. Mama Belyse alikuwa na milioni moja ya mgao wa kikundi chao cha akiba, ameifunga kwenye pindo la kitenge. Pesa hiyo ilikuwa ya mabati. Nyumba yake inavuja, na wote tunajua inavuja kwa sababu mvua ikinyesha anakuja kazini na godoro kichwani kuja kulianika.

— Mko wanaume wanne, alituambia. Nipeni akili moja tu. Gari ya yule mama wa Makenke, kule kambi ya jeshi, iko sokoni inapakia maharage, ikijaa inarudi Mbarara. Nipande na hii pesa, ama nibaki nayo?

Direkteri alikohoa, akavuta koti.

— Mama Belyse, biashara haianzi na pesa. Inaanza na biro, ofisi yenye meza. Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo maana mi nasema tuanze na biro kubwa.

— Biro ya nini? Mi nauza pakiti mia moja.

— Na kashe, ule muhuri! Bila kashe, hiyo ni karatasi ya kufungia karanga.

— Acha kashe, alisema Kalkilatrisi, simu iko tayari mkononi. Banakuuzia bei gani?

— Elfu tisa pakiti. Karatasi ya jina mia tano. Nikiuza elfu kumi na tatu...

— Inabaki elfu tatu na mia tano. Mia tano ya gari. Elfu tatu! Mara mia moja, laki tatu. Mara wiki hamsini na mbili...

— Nani amesema kila wiki?

— Batu banakunywaga kila siku, Mama Belyse. Wiki nimekuhurumia. Iko milioni kumi na tano na vichenji.

— Vichenji ngapi?

— Laki sita.

— Ewe Mariya! Laki sita ni vichenji? Hiyo ni nusu ya nyumba yangu!

Nikaona ni wakati wangu. Nilisema mzigo wa kutoka sokoni hadi hapa nitaubeba mimi kwa baiskeli, na kwa kuwa ni kampuni yetu, nitapunguza bei.

— Kampuni yetu? aliuliza Mama Belyse.

— Ndiyo, alidakia Direkteri. Mi niko direkteri jenerali. Audace, trezorie, anashika pesa. Pompi, transpo. Mzee Venuste tunamweka mshauri, hiyo kazi banafanyaga wakiwa wamelala.

— Na mimi?

Direkteri alifikiri.

— Weye uko mwenye jina.

— Na mshahara?

— Jina halilipwi. Jina banaliheshimu tu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Hatukujua jembe limeingiaje hapo, lakini alilisema kwa sauti nzito hata Kalkilatrisi akaanza kuandika mishahara. Direkteri jenerali laki tano. Trezorie laki nne. Mimi laki mbili na tairi. Alipojumlisha, mishahara ilikuwa imeshakula milioni yote ya Mama Belyse, na bado alitakiwa kuongeza laki moja na tairi.

— Sasa nimepata hasara na sijapanda hata gari, alisema.

— Hasara iko ya wale bauzaji bakidogo, alisema Direkteri. Tatizo siyo mishahara, tatizo pakiti ni chache. Pale Makenke kuna askari bangapi?

— Hiyo ni siri ya jeshi, nilisema.

— Basi weka elfu tano.

Kalkilatrisi akaweka elfu tano, kila askari vikombe viwili, asubuhi na jioni. Simu ikaanza kuonyesha namba ndefu.

— Halafu unaweka Brisele, kule Ubelgiji, aliendelea Direkteri. Ndugu zetu bako kule bamejaa. Murundi wa Brisele akiona jina la Mama Belyse analia, akilia ananunua. Kikombe euro tatu!

— Euro nne, alisema Kalkilatrisi. Kule kuna baridi.

— Na serikali, wale bakupima ubora? aliuliza Mama Belyse. Bo bananitaka pesa pia.

— Hao tunaweka msalaba juu ya pakiti. Nani atakamata msalaba?

Mzee Venuste alifungua jicho moja.

— Mungu, alisema, akalifunga tena.

Tukafanya ishara ya msalaba kwa adabu. Lakini Direkteri hana breki. Alisogea mbele, akashusha sauti.

— Mnajua kwa nini kahawa iko bei vile? Munafikiri bazungu banakunywa yote ile? Kule kituo nilikuwa nahesabu malori. Malori na malori! Tumbo gani ya mtu inaweza? Wanakunywa kidogo tu, ile ya kutuonyesha. Nyingine inaenda kwa ndege.

— Inapanda ndege, ndiyo, nilisema.

— Hapana. Inaingia kwa tanki. Ndege ikinywa petroli peke yake inasinzia, na kule juu ikisinzia ni kifo. Ndiyo maana rubani halali.

— Basi, alisema Kalkilatrisi akizidisha kwa vidole viwili, ndege moja inakunywa pakiti ngapi?

Mama Belyse alijishika kichwa. Na mimi namuonea huruma nikikumbuka, kwa maana alikuwa ametuuliza kwa moyo wake wote, na sisi tulikuwa tumeshafika mawinguni. Ile pakiti ilikuwa inazunguka. Kila aliyeshika aliipokea kwa mikono miwili. Direkteri aliipima kwa jicho. Mzee Venuste, ilipomfikia, aliiweka kwenye kiganja akaipandisha na kuishusha.

— Haifiki robo, alisema. Ama imekauka vizuri. Ikikauka vizuri inapungua.

Akairudisha kwenye leso, akanyoosha pembe za leso.

Hapo ndipo alipofika Resty, yule mama wa Makenke. Mumewe ni askari, na yeye ana duka karibu na geti la kambi. Kila mara anakuja kununua maharage huku kwetu, hapendi kusubiri, na Kiswahili chake ni kile cha jeshi, hakina mlango wa nyuma.

— Mama, gari imejaa, alisema. Dereva anakula tu, halafu tunaenda. Hii iko ya nani?

— Yangu, dada, alisema Mama Belyse.

— Banange! Na jina! Umefika mbali.

Direkteri alisimama, akafunga kifungo.

— Madamu, umefika wakati mzuri. Tunakupa Makenke yote. Weye unakuwa wakala. Chovya chovya humaliza buyu la asali, kwa hiyo chovya sasa.

— Sawa, alisema Resty. Mimi naweza kuweka kwa duka. Lakini wanawake wa pale wataniuliza, na mimi nauliza nyinyi. Utamu yake iko namna gani?

Direkteri alifungua tena kile kifungo.

— Utamu, alisema Kalkilatrisi, inategemea na soko.

— Mimi siulizi soko. Nauliza mdomo.

Mimi nilimwonyesha mzee Venuste, nikasema yeye ndiye mkulima, na Direkteri ni mtu wa kituo cha kahawa. Mzee alikuwa amefungua macho yote mawili.

— Wewe mzee, alisema Resty, hawa wanasema umelima kahawa. Iko tamu ama iko chungu?

— Mama, alijibu mzee polepole, kwetu kahawa haikunywewa. Kwetu ililimwa. Ukingʼoa mti mmoja, faini. Ukificha gunia, kifungo. Tuliivuna, tukaipeleka kituoni, wakaipima, ikaenda. Nyumbani tulikunywa pombe ya ndizi. Miti mia nne nilikuwa nayo. Sijui iko namna gani.

— Na wewe wa kituo?

— Mi nilikuwa geti, alisema Direkteri, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na biro ndani. Tulipapaswa mifuko tukitoka.

Mama Belyse alinyoosha mkono akachukua mkasi wangu wa kukatia viraka. Tulipiga kelele wote. Usifungue! Hiyo ni ya mfano! Ikifunguliwa si mpya tena! Direkteri alisema kampuni inakufa. Yeye akakata juu, krr, na harufu ikatoka.

Sitaweza kuieleza. Naweza kusema tu kwamba mwenye karanga upande wa pili wa barabara aligeuka.

Akachemsha kwenye sufuria ndogo, bila tangawizi, bila chochote. Akamwuliza Resty kikombe kama hiki kule mjini ni bei gani. Resty akasema elfu mbili, na mahali pengine wanakupiga tano.

— Basi na hapa ni elfu mbili, alisema Mama Belyse.

— Hata kwa sisi? nilisema.

— Hasa nyinyi. Mko madirekteri.

Aibu iliyofuata nitaikumbuka. Tulikuwa tumehesabu mamilioni tangu asubuhi, tumejaza ndege mafuta, na ubao mzima haukuwa na elfu mbili. Mimi nilitoa mia tano ya kiraka. Kalkilatrisi alitoa mia tatu, safari hii bila kuzidisha. Direkteri alipekua koti lote akapata mia mbili na rozari. Mzee Venuste alifungua fundo akatoa elfu moja, akasema ilikuwa ya sadaka na Mungu ataelewa. Tukanunua kikombe kimoja. Tulikubaliana tutakunywa kama tunavyokunywa pombe ya mtama kwetu, chombo kimoja, kila mtu na zamu yake, mkubwa aanze.

Mzee alipuliza. Akanywa.

— Iko namna gani? aliuliza Resty.

Alikunywa tena. Macho yake yalijaa maji, na mimi roho iliniuma, nikasingizia moshi wa sigiri.

— Mzee, pitisha, alisema Direkteri.

— Sasa naelewa, alisema mzee, kwa nini hawakutuonjesha.

Mama Belyse alikuwa amesimama na sufuria mkononi. Alimtazama mzee, akatazama mikono yetu mitatu iliyokuwa imenyooshwa inangoja kikombe. Hakutuuliza tena akili. Aliweka sufuria chini, akakaza pindo la kitenge, akaniambia niangalie moto, akamfuata Resty hadi kwenye gari.

— Na mabati? nilimpigia kelele.

— Nitalala upande usiovuja!

Gari likaondoka na vumbi lake. Tulipogeuka, mzee alikuwa amekipindua kikombe juu ya ubao, kikavu, hata tone hakuna.

— Mzee Venuste! alilia Direkteri. Hiyo ilikuwa ya watu wanne!

Mzee alipangusa mdomo kwa ile leso.

— Na ile niliyolima mimi, alisema, ilikuwa ya watu wangapi?